NANI ANAKUTEMBEZA USIKU?

Karatasi hii umepewa bure. Inawezekana umeipokea kwa sababu tu mgawaji alikuzibia njia pale stendi, ukaona aibu kukataa. Si kitu. Usiitupe, wala usiifungie karanga kabla hujaisoma. Isome mpaka mwisho, halafu fanya nayo utakavyo.

Nina swali moja kwako. Je, umewahi kuamka asubuhi ukakuta miguu yako ina tope, na wewe unakumbuka kabisa kwamba ulinawa kabla ya kulala? Umewahi kuamka ukajikuta barazani, au kwenye kitanda cha mwenzako bwenini, na watu wote wanakutazama kwa jicho lile? Umewahi kuambiwa, "Jana usiku ulifungua mlango ukaenda mpaka kwenye mwembe, tukakuita hukujibu, macho umeyatoa kabisa," na wewe hukumbuki hata chembe?

Kama siyo wewe, ni mdogo wako. Kama siyo mdogo wako, ni yule mwanafunzi mliyekataa kulala naye deka moja, akahamishwa shule.

Najua waliyoyasema. Walisema wanga wanamchukua. Walisema analimishwa mashamba ya watu usiku, ndiyo maana anaamka amechoka. Wengine wakasema yeye mwenyewe ndiye mwanga, anatoka kwenda kazini. Neno la namna hiyo likishatoka mdomoni mwa mtu mmoja, jioni liko kisimani, na kesho yake liko mnadani.

Mimi ninayekuandikia naijua habari hii pande zote mbili. Nikiwa mtoto nilitembea usingizini. Na nilipokuwa mkubwa, Biblia mkononi, kipaza sauti mdomoni, nilimharibia binti mmoja maisha kwa jambo hilo hilo. Nitakueleza yote. Sifichi.

KIPANDE CHA KANGA

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wa nyuma ulifungwa kwa komeo la mti. Usiku mmoja mama alishtuka akakuta mkeka wangu mtupu na mlango uko wazi. Alinikuta nimesimama hatua chache kutoka kisimani, natazama mbele, macho wazi. Kisima chenyewe hakikuwa na mfuniko. Mpaka leo nikikumbuka alivyonisimulia, mwili unasisimka.

Mama hakupiga yowe. Alinishika bega akasema, "Haya baba, turudi tukalale." Nikageuka nikamfuata kama kondoo. Asubuhi nikaomba uji kama kawaida, sijui lolote.

Tangu usiku ule alichana kanga yake kuukuu akapata kipande kirefu. Upande mmoja aliufunga mguuni pangu, upande mwingine akaufunga mkononi mwake. Nikiinuka, naye anavutwa, anaamka. Basi tulilala hivyo miezi na miezi, mtoto na mama yake wamefungwa pamoja kama mbuzi wa mnadani.

Baba mkubwa hakuridhika. Akatupeleka kwa mganga. Nilichanjwa chale kifuani na miguuni, nikafukizwa moshi wa majani mpaka nikatapika, na jogoo wetu mwekundu akabaki kule kule. Wiki ile ile nikatoka tena nje. Nilipofika miaka kumi na mitatu hivi hali ikakoma yenyewe, na mganga akajisifu kwamba dawa yake huchelewa lakini inafika. Miaka minne ilichelewa! Mama naye alikunja kipande chake cha kanga akakiweka sandukuni, hakusema neno.

BINTI NILIYEMHUKUMU

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kozi ya Biblia juzi juzi, moto unawaka. Tulikuwa na mkutano wa Injili katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa. Siku ya tatu mjomba mmoja alimleta mbele binti wa miaka kama kumi na minne. Akasema, "Mtumishi, huyu anatoka usiku. Tumemkuta njiani mara mbili, hasemi, haoni."

Ungekuwa wewe ungeuliza nini? Mimi niliuliza, kwa kipaza sauti, mbele ya kijiji kizima, "Anaishi na nani?" Wakajibu, "Na bibi yake." Nikasema, "Ahaa!"

Neno moja tu. Ahaa. Lakini unajua mwenyewe "ahaa" ya namna ile mahali kama pale ina maana gani. Tunafahamu yaliyowapata bibi wengi Usukumani kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ambayo yameliwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Nami nikaongeza chumvi juu ya kidonda. Nikakemea roho ya uchawi wa ukoo. Binti akalia, nikasema pepo ndiye anayelia. Akanyamaza, nikasema pepo amejificha. Sasa niambie, mtoto huyo angefanya nini ili aonekane ni mtu?

Na jambo baya kuliko yote ni hili. Wakati namkemea, nilikikumbuka kile kipande cha kanga. Kilinijia kabisa kichwani. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa watu watasema mhubiri mwenyewe alikuwa mwanga. Niliokoa jina langu kwa kuuza la bibi yake.

Tukafunga vyombo tukaondoka na pikapu yetu. Mwaka mmoja baadaye nilipita tena huko. Nyumba ya bibi ilikuwa imebomoka. Ilirushiwa mawe usiku tatu mfululizo, mwanawe akaja kumhamisha gizani. Binti aliacha shule, akapelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Nilimtafuta yule bibi mpaka nikampata. Nilikaa chini mbele yake, nikamwomba msamaha, nikamwambia na habari ya kanga. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mjukuu wangu, hata mama yake alitembea hivyo hivyo alipokuwa mdogo. Nilikuwa naweka sufuria nyuma ya mlango, akiufungua inaanguka naamka. Ungeniuliza."

Ungeniuliza! Nimehubiri vijiji vingi, sijawahi kuhubiriwa mahubiri mafupi kama yale.

KUMBE USINGIZI UNA NGAZI

Baada ya hapo nilianza kuuliza. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na kozi ya Biblia, sikusomea udaktari. Lakini nilimpata tabibu mmoja wa zahanati, mtu mpole, akanifundisha kwa kuchora mchangani. Mengine nimeyatafuta mwenyewe tangu hapo. Nakupa nilivyoelewa.

Usingizi siyo shimo moja unaloingia na kutoka. Una ngazi. Unaanza kwa usingizi mwepesi, ule ambao mtu akikuita unasema "sijalala bado" na mate yanakutoka. Halafu unashuka, unashuka, mpaka usingizi mzito kabisa. Kutoka huko unapanda, unaingia usingizi wa ndoto, kisha unaanza kushuka tena. Mzunguko huo mmoja huchukua kama dakika 90, na kwa usiku mmoja unarudiwa mara nne au tano. Lakini ule usingizi mzito wa chini kabisa uko zaidi mwanzoni mwa usiku. Ukilala saa nne, huo unaupata hasa kati ya saa tano na saa saba na kitu. Kuelekea alfajiri unabaki mwepesi na ndoto nyingi.

Kutembea usingizini hutokea kwenye ule mzito. Kitu fulani kinakushtua ukiwa huko chini: homa, kelele, mkojo umebana. Mtu wa kawaida angegeuka ubavu akaendelea kulala, au angeamka moja kwa moja. Lakini kwa wengine ubongo unaamka nusu. Ile sehemu inayoendesha miguu na mikono na macho inaamka. Ile sehemu inayopima mambo, inayojua mimi ni nani na niko wapi, na inayoweka kumbukumbu, bado imelala fofofo. Ni kama nyumba ambamo mpishi ameamka anatembea jikoni anafungua makabati, na mwenye nyumba bado anakoroma chumbani. Ukibisha hodi, mlango utafunguliwa. Lakini hakuna wa kuzungumza naye.

Ndiyo maana macho yako wazi na hakuoni. Ndiyo maana anakwepa meza, anafungua komeo, pengine anajibu neno moja lisilo na kichwa wala miguu, halafu asubuhi hajui. Hadanganyi! Wangapi wamechapwa kwa kuambiwa wanajifanya? Hana cha kukumbuka, kwa sababu mwenye kuandika kumbukumbu alikuwa amelala. Kwa kawaida hali yenyewe huchukua dakika chache tu, mara nyingine hufika nusu saa.

Na tope la miguuni? Ametembea kwenye tope. Hakuna shamba la mtu alilolima. Na ule uchovu wa asubuhi? Usiku wake umekatwa katikati, atakosaje kuchoka?

Labda utauliza, "Si ni ndoto tu hiyo, anaigiza anachokiota?" Hapana, kwa kawaida siyo ndoto. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago kule Marekani, Aserinsky na Kleitman, walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho hukimbia kimbia chini ya kope. Baadaye ikajulikana kwamba ndoto nyingi za wazi huja wakati huo, na kwamba wakati huo mwili unafungwa, misuli inalegea, ili usiamke ukakimbia kila unapoota simba. Mungu ni fundi. Wako watu, hasa wazee wa miaka hamsini kwenda juu, ambao kufuli hiyo inalegea, wanarusha ngumi na mateke wakiwa ndotoni. Huo ni ugonjwa mwingine, nao unahitaji daktari.

Na hapo hapo nikumegee siri ya jinamizi, maana wengi mnaniuliza. Ile hali ya kuamka huwezi kusogea, unahisi kitu kimekukalia kifuani, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Hiyo ni kinyume cha kutembea usingizini. Huku akili imelala na mwili unatembea. Kule akili imeamka na ile kufuli ya mwili bado haijafunguka. Baada ya sekunde au dakika chache inafunguka. Unaikumbuka habari ya popobawa mwaka 1995, Zanzibar mpaka pwani ya bara watu wakalala nje kwa hofu? Waliochunguza habari ile wameona maelezo mengi ya watu wale yanafanana sana na hali hii. Hofu ikiingia mtaani, kila anayeshtuka usiku anajua tayari jina la kumpa mgeni wake.

SASA CHANZO NI NINI?

Cha kwanza ni damu. Yaani ukoo. Yule bibi alijua bila kusoma. Mwaka 2015 watafiti wa Quebec, Canada, walitoa matokeo ya kufuatilia watoto tangu wakiwa wadogo hadi miaka 13. Watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kutembea usingizini, waliotembea walikuwa asilimia 22.5. Mzazi mmoja akiwa aliwahi, asilimia 47.4. Wazazi wote wawili, asilimia 61.5. Umri uliozidi ulikuwa miaka kumi hivi. Kwa hiyo watu wanaposema "jambo hili liko kwenye ukoo wao", wanasema kweli, ila wanaitafsiri vibaya. Hata pua iko kwenye ukoo. Hata upara.

Pia usidhani uko peke yako duniani. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2016 waliona kwamba watu kama 7 kati ya 100 huwa wamewahi kutembea usingizini angalau mara moja maishani. Katika mwaka mmoja ni watoto kama 5 kati ya 100, na watu wazima mmoja au wawili. Kwenye uwanja wa mkutano wenye watu elfu mbili, hebu piga hesabu mwenyewe. Wamekaa kimya tu.

Damu inaweka kuni. Kiberiti ni mambo mengine. Kiberiti kikubwa ni kukosa usingizi. Mwili ulionyimwa usingizi, siku ukipata, unazama chini sana, na kule chini ndiko mambo yanakotokea. Wewe unayekesha na simu mpaka saa nane, au unayekesha na vitabu wiki ya mtihani, au umetoka zamu ya usiku, jihadhari. Na mimi nijihadhari, maana sisi tunapenda mikesha, halafu kijana akianza kutembea usiku tunampangia mkesha mwingine!

Homa nayo, hasa kwa watoto. Mawazo mazito: ada haijalipwa, wazazi wanagombana, umehamia mahali pageni. Kibofu kilichojaa. Kelele. Kukoroma kule kwa kukatika pumzi, mtu anasimama kupumua usiku halafu anashtuka kwa kishindo. Na baadhi ya dawa, hasa vidonge vya usingizi. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liandikwe kwenye vidonge vya usingizi vya aina ya zolpidem na ndugu zake wawili, kwa sababu watu waliovimeza waliinuka wakatembea, wakapika, hata wakaendesha magari bila kujua, na wengine wakafa. Sasa wewe unanunua kidonge cha usingizi dukani bila cheti kwa kuwa rafiki kakwambia kinafaa? Na pombe, tuseme tu ukweli, inavuruga usingizi wako wote.

Kuna kisa cha Canada, mwaka 1987. Kijana wa miaka 23, ana madeni ya kamari, usiku na mchana hana usingizi. Usiku mmoja aliinuka, akaendesha gari kilomita 23 hivi mpaka kwa wakwe zake, akamuua mama mkwe na kumjeruhi baba mkwe vibaya. Kisha akaenda mwenyewe kituo cha polisi, mikono imekatika kano, akisema anadhani ameua watu. Wakwe hao alikuwa anapatana nao sana. Mwaka 1988 wazee wa baraza walimwachia, na mwaka 1992 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikakubali, kwa sababu ushahidi wa madaktari ulionyesha alikuwa usingizini, na ukoo wake ulijaa watu wa namna hiyo. Kisa kama hicho ni nadra mno, usianze kumwogopa mdogo wako. Nimekitaja ili uone kwamba hata mahakama, zilizozoea kudanganywa kila siku, zilikaa zikauliza kabla ya kuhukumu. Mimi sikuuliza.

JE, HAKUNA MAPEPO KABISA?

Wewe usiyekwenda kanisani unanisubiri hapo, unaona mhubiri amegeuka daktari. Na wapendwa wenzangu nao wananisubiri na mawe. Nasema hivi: naamini mapepo yapo, na naamini yanatoka kwa jina la Yesu. Lakini fungua Mathayo sura ya nne, mwisho wake. Wanatajwa walioletwa kwa Yesu: wagonjwa wa maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Kila kundi limetajwa kwa jina lake. Kama kila ugonjwa ungekuwa pepo, kwa nini wahesabiwe mbali mbali? Mwandishi aliona tofauti. Sisi ndio tumeamua kuwa na nyundo moja na kila kitu tunakiita msumari.

Soma habari ya kijana Eutiko, Matendo ya Mitume sura ya ishirini. Kijana wa rika lako, mjini Troa, amekaa dirishani ghorofa ya tatu, taa nyingi zinawaka, Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane. Usingizi ukamzidi, akaanguka, wakamwokota amekufa. Je, Paulo aliuliza nani amemroga? Alimtafuta bibi yake? Alishuka zile ngazi, akamwangukia, akamkumbatia, akawatuliza watu kwamba uhai wake umo. Kijana akarudi kwao mzima. (Kisha Paulo akapanda juu akaendelea kuhubiri mpaka alfajiri. Hapo wahubiri tunaelewana.)

Soma na habari ya Eliya alipokata tamaa akaomba afe. Alilala chini ya mti, malaika akaja. Hakuja na kemeo. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na chakula tena. Usingizi kwanza, chakula kwanza, ndipo safari na sauti ya Mungu. Na mtoto Samweli aliyeinuka kitandani usiku mara tatu akakimbilia kwa mzee Eli, hakupigwa, hakuitwa mwanga. Mara mbili za kwanza aliambiwa tu arudi akalale. Mara ya tatu mzee akakaa akafikiri, akaelewa ni Mungu anayemwita. Nikisoma pale namsikia mama yangu.

KAMA YUKO NYUMBANI KWENU

Usimtikise, usimpigie yowe, usimmwagie maji. Eti ukimwamsha atakufa kwa sababu roho yake iko safarini? Hafi. Ila akiamshwa kwa nguvu anachanganyikiwa, anaweza kukusukuma au kukupiga bila kujua. Mshike bega taratibu, sema naye kwa sauti ya chini, mgeuze, mrudishe kitandani. Asubuhi usimcheke mbele ya watu.

Asilale deka ya juu, mpe ya chini. Panga, shoka, visu, viondolewe mahali pa wazi. Jiko la mkaa lizimwe kabisa, chungu cha maji ya moto kisiachwe sakafuni. Kisima kifunikwe, na hilo hata kama hakuna anayetembea usiku. Mlango ufungwe, lakini ufunguo uwe mahali mkubwa wa nyumba anaujua hata gizani, maana moto ukitokea mtachomeka wote. Weka sufuria nyuma ya mlango kama yule bibi, au kengele ya mbuzi. Sishauri kumfunga mtu kitandani. Mama alijifunga mwenyewe pamoja nami, ni kitu kingine hicho.

Na alale mapema, saa zile zile kila siku, aende msalani kabla. Kama anatoka karibu saa ile ile kila usiku, tabibu alinifundisha mbinu hii: mwamshe taratibu robo saa au nusu saa kabla ya muda wake, akae macho kidogo, alale tena. Fanyeni hivyo wiki kadhaa. Watoto wengi huacha wenyewe wakifika ujana.

Lakini kuna wakati wa kukimbia hospitali, na hapa nakusihi. Mtoto ana homa kali, anaweweseka, anatembea ovyo, hata ukimwamsha hatulii: huyo usimrudishe kitandani, huenda malaria imepanda kichwani, na inaua kwa masaa. Anakakamaa, anatoa povu, anajing'ata ulimi, anarudia mtikisiko ule ule kila mara: huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa. Hali imeanza ukubwani ghafla, au imeanza baada ya dawa mpya, au mtu anaumia au anaumiza wengine: nenda ukamwone daktari. Omba ukiwa njiani. Mungu anasikia hata kwenye bodaboda.

Yule binti? Nilimpata, mjini, ameshakuwa mwanamke mzima. Sikumwomba arudi mkutanoni. Nilimwomba msamaha tu. Aliniambia hali ilimwacha zamani, lakini kwa miaka mingi aliogopa kulala kabla watu wote wa nyumba hawajalala. Alikuwa anajibana kucha ili asisinzie. Na kukosa usingizi, umeshajua, ndiko kunakoleta hali yenyewe. Ndicho nilichompa kwa jina la Injili.

Mwaka jana mwanangu wa miaka saba alianza. Nilimkuta sebuleni saa sita usiku, amesimama mbele ya kabati, macho wazi. Moyo ulinipiga, sikatai. Nikamshika bega nikasema, "Haya baba, turudi tukalale." Mke wangu alitaka kujua nimejifunza wapi.

Kijana, kama umesoma mpaka hapa na wewe ni yule wa miguu yenye tope, njoo uwanjani leo jioni. Sitakuita mbele. Sitakuuliza unaishi na nani. Utanikuta karibu na jukwaa baada ya watu kutawanyika, nimevaa shati la kijani, tutakaa chini tuzungumze. Na kama huwezi kuja, na unaogopa kulala usiku wa leo, sema maneno haya, kwa sauti au moyoni, huna haja ya kujua dini:

Bwana Yesu, wewe ulilala kwenye mashua dhoruba inavuma, unajua usingizi ni kitu gani. Nimeitwa majina mengi kwa jambo nisilolikumbuka. Sikuyachagua. Nipokee nilivyo. Walinde walio nyumbani kwetu usiku huu, na anayenikuta nimesimama gizani mpe mkono mpole. Wasamehe walionisema, na mimi unisamehe niliowasema. Amina.

Ukimaliza, zima simu. Nenda msalani, angalia komeo la mlango, ulale.